Magunia Saba ya Karafuu Yaliyolifuata Jua

Tangu nirudi, hakuna anayenisalimu bila kunichokoza. "Vipi, jua mlilipata?" Nikimjibu mmoja, mwenzake anakuja kudai yake, na kila mtu tayari ana habari aliyoiokota sokoni: mara tulikamatwa kwa uchawi, mara mjomba alipigwa, mara karafuu zote zilimwagwa barabarani. Katika hayo, moja ni kweli, moja ni nusu ya kweli na moja ni uongo mtupu. Naandika mara moja tu, msomeane, kisha mniache nipumzike.

Kinole: siku ya tatu bila jua

Mnajua kwamba baada ya kiwanda kutupunguza nilirudi Kinole kwa mama yangu. Shamba la mikarafuu la kule si langu wala la mama peke yake. Ni la ukoo wa mama, na kwetu Waluguru mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo ni mjomba. Wangu anaitwa Mjomba Abdala, mtu wa maneno mengi na huruma nyingi, lakini akishasema neno mbele ya ukoo halirudishi.

Na neno alikuwa ameshalisema. Misimu miwili mfululizo karafuu zetu zilioza kwenye majamvi kwa mvua. Vuli tuliyokua nayo ilikuwa na adabu: inanyesha jioni, asubuhi inakupisha uanike. Hii ya siku hizi inakuja inavyotaka na inakaa inavyotaka. Basi ndugu walichoka, wakataka mikarafuu ikatwe, mteremko ugawanywe, kila nyumba ilime mahindi yake. Mjomba akawaambia, "Tuvune mara hii ya tatu. Zikioza tena, nitakata mwenyewe kwa mkono wangu."

Mimi mahindi kwenye mteremko ule nayajua. Yanakaa misimu michache, halafu udongo unashuka mtoni na wewe unabaki unalima mawe. Lakini ukisema hivyo kwa mtu ambaye watoto wake hawajala, anakuona una kiburi cha mjini.

Tulichuma. Siku ya kwanza hakuna jua, ya pili hakuna, ya tatu nikaingiza mkono ndani ya rundo nikakuta lina joto. Anayejua karafuu anajua maana yake. Karafuu mbichi zikirundikwa bila kukauka zinaanza kuchacha, zinageuka nyeupe, na hapo umekwisha. Kuzikausha kwa moto hatungeweza. Zamani ushirika ulichukua karafuu yoyote mradi iko ndani ya gunia. Sasa ni soko huria: mnunuzi anakuja na gari lake kutoka Dar, ananusa, anavunja punje kwa vidole huku akisikiliza inavyokatika, na ikinuka moshi anapanda gari lake. Huyo wetu alikuwa ametuambia kwamba huko kwingine hali ya hewa imeharibu zao hilo, kwa hiyo mwaka huu mwenye karafuu kavu ataringa. Yaani balaa la wenzetu lilikuwa bahati yetu, ila tu hatukuwa na jua.

Nikamwambia mjomba, "Kama jua haliji, tulifuate."

Akauliza, "Mpaka wapi?"

"Mpaka tutakapolikuta."

Nilitegemea anicheke. Badala yake akaingia ndani, akavaa viatu vyake vya Ijumaa, akatoka na mkungu wa ndizi begani. Alisema kama ni yeye atakayeikata ile miti, basi anataka kuona kwa macho yake kwamba hakuna njia nyingine.

Kinole hadi Kihonda

Gari la kukodi lilikataa kupanda kwa sababu ya tope, ikabidi magunia saba yashuke kwa vichwa hadi lilipoishia. Njia ilikuwa inateleza vibaya. Mpagazi mmoja alianguka na gunia lake, na nasema kwa aibu kwamba nililikimbilia gunia kwanza.

Kihonda, pale Morogoro mjini, nilikuwa na tumaini langu. Kuna ghala moja tupu pale lenye uwanja wa saruji, na mlinzi wake ni mwenzangu wa kazini zamani. Tulifika saa tatu asubuhi, tukafagia, tukatandaza. Jua likatoka. Mjomba akaanza kuimba. Nikanunua wali na maharage kwa mama ntilie, tukala tumekaa ukutani tunazitazama karafuu zinavyoanza kubadilika rangi.

Saa sita mvua ikashuka bila hata ngurumo. Tulikusanya kwa mikono, kwa mashati, kwa sahani za yule mama ntilie. Zikarudi kwenye magunia zikiwa na unyevu mwingi kuliko zilivyotoka Kinole. Mjomba alikaa juu ya gunia akipangusa viatu vyake, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Mwanzoni tulikuwa na siku kama nne kabla hazijaharibika kabisa. Sasa nilihesabu mbili.

Msamvu hadi Gairo

Stendi ya Msamvu, hapo hapo mjini, tulipata roli lililobeba mahindi ya kupeleka Dodoma. Dereva, Gasper, alikubali kutubeba juu ya shehena yake baada ya mjomba kumpa ndizi za kutosha.

"Huko mnakokwenda hakuna mvua kabisa," alituambia. "Wanasubiri tangu mwezi uliopita."

"Afadhali," nikasema.

Gasper akacheka. "Nyinyi imewazidi, wao imewakimbia, na mimi napakia. Mwaka wa njaa gari langu halilali." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kazi yake. Mimi nilimchukia kidogo, kisha nikakumbuka furaha niliyokuwa nayo niliposikia karafuu za wenzetu zimeharibika, nikatazama pembeni.

Kila gari liliposimama niliingiza mkono kwenye magunia. Yalikuwa yanazidi kupata joto. Tulipopita Dumila, gunia la chini lilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu.

Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha mazao ya misitu. Askari wa pale alipanda juu, akagusa gunia, akarudisha mkono haraka.

"Hii nini?"

"Karafuu, afande."

"Karafuu ina moto? Mmeficha mkaa humu."

Mjomba akamweleza habari ya kuchacha. Askari akamsikiliza kama anayesikiliza hadithi ya sungura. "Mzee, mimi niko barabarani hapa miaka mingi. Mkaa usiozimwa vizuri ndio unaotoa joto. Mwageni yote."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alichofanya ni kukaa kwenye kiti chake na kusema kwamba, kwa sababu ya mdomo wangu, tutamwaga polepole na yeye ana nafasi ya kutosha. Basi tukamwaga, gunia moja baada ya jingine, juu ya turubai la Gasper kando ya lami. Saa nzima na zaidi. Gasper anapiga honi, abiria wa mabasi wanatuchungulia, askari anachokoa rundo kwa fimbo akitafuta mkaa wake.

Upepo wa pale ulikuwa mkavu. Nilipoinama kuzirudisha nikakuta zimepoa, tena zimekauka juu. Mjomba naye aliona. Akamwendea askari, akampa mkono. "Ahsante sana, afande. Umetuokoa." Yule bwana mpaka leo nadhani anaamini alitukanwa.

Uwanja wa Mama Neema

Tulishuka baada ya Gairo, kwenye kijiji ambacho jina lake nitalihifadhi kwa heshima yao. Jua lilikuwa pale. Lilikuwa jua la kweli, jeupe, lisilo na wingu hata moja. Nilisimama barabarani na magunia yangu nikainua uso, na nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi." Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo tupu aligeuka akanitazama.

Ndiye alikuwa Mama Neema, mjane, na ndiye aliyetupokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukamweleza shida yetu. Alikuwa na uwanja wa kupuria mtama, umesiribwa vizuri, mpana, safi.

"Anikeni," alisema, akatutolea na majamvi yake. "Mimi mwaka huu sina cha kupuria."

Tulimpa ndizi zilizobaki. Alizishika muda mrefu kabla ya kuziweka chini. Jioni hiyo alitupikia ugali wa mtama na mlenda, nami kwa uchovu na njaa nilikula matonge bila kuinua kichwa. Kesho yake ndipo nilipogundua kwamba ule ulikuwa unga wa siku mbili wa nyumba ile. Mjomba alikuwa ameona palepale, akanawa mikono mapema akisema tumbo linamsumbua. Mimi, msomi wa kiwandani, sikuona chochote.

Lakini karafuu, ndugu zangu! Zilikuwa zinakauka. Tulizigeuza kwa mikono kila baada ya muda, na kufikia siku ya pili zilikuwa zimeanza kuwa kahawia, zile zenyewe, na uwanja mzima unanukia. Nilijua mikarafuu yetu itasimama. Siku mbili zaidi tu.

Utani wa mjomba

Sasa nifike kwenye kosa letu. Siku ya pili hiyo hiyo tulikwenda kunywa chai ya rangi kwenye kibanda. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, mtu mpole, mrefu, akatuuliza tumetokea wapi.

"Kinole, milima ya Uluguru," mjomba akajibu.

"Huko mvua ipo?"

Mjomba wangu anaamini kila mtu katika nchi hii ni mtani wake mpaka ithibitike vinginevyo. Akacheka. "Ipo tele! Na yenu tumeifungia huko huko. Karafuu zetu zikikauka, tutawafungulia."

Alicheka peke yake. Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Wengine wawili wakasimama wakaondoka bila kumaliza chai. Milima yetu inasifika tangu enzi za mababu kwa watu wanaojua mambo ya mvua, sifa hiyo imefika hadi kule, na mjomba alikuwa ameitania mahali ambapo mbegu zilikuwa zinakufa ardhini. Nilimvuta shati. Nilikuwa nimechelewa.

Asubuhi ya siku ya tatu wingu zito lilijitokeza upande wa mashariki. Kijiji kizima kilitoka nje. Likaja, likasimama juu yetu, mimi na mjomba tumeshika majamvi tayari kukunja, kisha upepo ukalipeleka kaskazini na jua likarudi kali zaidi. Mimi nilishusha pumzi. Nilipogeuka, niliona watu wanatujia, kama ishirini hivi, Mwenyekiti mbele.

"Mzee," alisema, "ule utani wako umetuumiza. Tafadhali fungua."

Mjomba akamwinamia. "Nisameheni jamani, lilikuwa neno la mdomoni tu. Mimi ningejua kufunga mvua ningeifunga ile ya kwangu inayoniozeshea mali. Ningekuja huku kufanya nini?"

Nilidhani hoja hiyo inatosha. Mwanamke mmoja akajibu, "Si ndivyo ulivyofanya? Umeifunga, na jua ukalileta huku kukausha vitu vyako. Huyu mwenzako tulimsikia siku ya kwanza analishukuru jua barabarani."

Kweli nilikuwa nimelishukuru.

Bwana mmoja mwenye jembe akasogea mpaka ukingoni mwa uwanja. "Kama hawakuifunga, wazimwagie maji karafuu zao. Hapa, mbele yetu. Anayeogopa maji ndiye anayeizuia mvua."

Watu wakaitikia. Mjomba alinitazama, nami nikaona machoni mwake ile mikarafuu inaanguka, mmoja mmoja. Kumwagia maji karafuu za siku ya tatu ni kuzizika. Kukataa ilikuwa kukiri. Nilianza kusogea mbele ya majamvi, na yule bwana akabadilisha mshiko wa jembe.

Mama Neema alitoka jikoni kwake akifuta mikono kwenye kanga. "Haya," alisema. "Nani analeta hayo maji?"

Bwana wa jembe aligeuka nyuma.

"Nauliza. Mimi ndoo yangu ya jana niliifuata kisimani alfajiri, nikarudi saa sita na tope. Nani ana maji ya kumwaga chini? Aende akayalete."

Hakuna aliyekwenda. Walitazamana, wengine wakatazama chini. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiaibika kwa jambo ambalo si kosa lao. Hatimaye Mwenyekiti akasema kesho kuna ibada ya mvua, wote kwa pamoja, Wakristo na Waislamu, nasi tutakwenda kuomba kwa vinywa vyetu wenyewe. Baada ya hapo atakayetugusa atajibu kwake.

Ibada ya mvua

Tuliomba kwenye kiwanja cha kanisa, asubuhi ya siku ya nne. Mwinjilisti aliomba, shehe kutoka Gairo akaomba, kisha Mwenyekiti akamwita mjomba. Akainua viganja mbele ya watu wote akasema, "Ewe Mwenyezi Mungu, wanyeshee watu hawa." Nami nikaitwa, nikasema hivyo hivyo.

Mdomo ulisema hivyo. Moyoni, na hili mjomba amenikataza kulisimulia lakini nalisimulia, nilikuwa nasema: siku moja tu, Mungu wangu, ichelewe siku moja tu. Mbele yangu alikuwepo mama amebeba mtoto mwenye nywele zilizogeuka nyekundu kwa njaa. Nilifumba macho nisimwone, nikaendelea.

Njiani mjomba aliniuliza, "Umeomba nini?"

"Mvua."

"Kwa moyo?"

Nikatazama viatu vyake vya Ijumaa.

"Hata mimi," akasema, akaongeza mwendo kuelekea kwa Mama Neema.

Mvua ilikuja saa nane mchana. Safari hii wingu halikusimama kufikiri. Matone ya kwanza yaliinua vumbi, nami nikaanza kukunja jamvi la kwanza, nikipiga kelele kwa mjomba ashike upande wa pili, huku nikijua mikono yetu minne haitoshi. Ndipo walipokuja. Walikuwa wakikimbia kutoka kila upande, wanacheka, wanapiga vigelegele, na nusu yao wakaja uwanjani kwetu. Yule mwanamke aliyesema nimelileta jua alizoa karafuu kwa kanga yake. Yule bwana wa jembe alibeba jamvi zima kichwani akiuliza, "Wapi? Wapi?"

"Kwenye kihenge!" Mama Neema alipiga kelele.

Kihenge chake kilikuwa nyuma ya nyumba, kirefu, kimefumwa kwa fito na kusiribwa, kimeinuliwa juu ya mawe kisiguswe na unyevu. Niliingia mimi kupokea. Ndani hamkuwa na hata punje moja ya mtama. Nilipapasa sakafu kuangalia kama ni kavu, na vidole vyangu vilipita kila mahali bila kukutana na kitu. Alikuwa amekifagia. Palitosha karafuu zetu zote na nafasi ikabaki.

Nilipotoka nilikuwa nalia, siwezi kuwaficha. Mama Neema alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kila chombo chake kimetegwa: ndoo, masufuria, hata bakuli lile alilotulishia. Aliniona akanishika mkono.

"Lia tu, baba," alisema. "Hata mimi nalia."

Alidhani tunalilia jambo moja. Nilimwacha adhani hivyo.

Kurudi

Kesho yake jua lilitoka, na kesho kutwa pia, juu ya mashamba ambayo watu walikuwa tayari wanayapanda. Tukamalizia kukausha. Karafuu za kama gunia moja, zile za chini zilizopata joto njiani, ziligeuka nyeupe, tukazitupa. Za magunia sita yaliyobaki zilifika Kinole zikiwa nzuri. Mnunuzi alikuja, akachukua punje, akaivunja, na ule mlio wake mkavu uliwafanya watu wote barazani waache kuongea. Alizichukua zote.

Ukoo ukakutana. Mjomba alisimulia safari vizuri kuliko mimi, askari na mkaa wake waliwavunja mbavu, na habari ya kihenge ikawanyamazisha. Halafu akasema miti haikatwi, na hakuna aliyebisha. Walianza kupanga mwakani nani atabeba, nani atapika, na mbegu gani tumpelekee yule mama.

Dada yake mdogo, Mama Zaina, alifurahi kuliko wote. "Mwakani muwahi basi," alimwambia. "Muombe jua mapema, kabla hao wenzenu hawajaanza kuomba mvua yao."

Watu wakacheka. Mjomba, anayecheka kila utani hata wa msibani, hakucheka.

"Kwenda tutakwenda," alisema. "Kuomba jua, mimi siombi tena."